Mbwa Aliyekataa Kamba

Siku ya kwanza nilipomfunga kamba yule mtoto wa mbwa nikamwambia twende, alitembea hatua tatu, akafika mbele ya kijiwe cha bodaboda kilicho mkabala na mlango wangu, akakaa chini. Hakukimbia, hakubweka, hakulia. Alikaa tu, kama mtu aliyefika kwenye mkutano akaambiwa mgeni rasmi bado yuko njiani. Nikavuta. Shingo ikaja, mwili ukabaki. Nikavuta tena, akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefungwa.

"Babu," akasema mmoja wa wale vijana wa pikipiki, "huyo mbwa kagoma?"

"Hajagoma. Anapumzika."

"Hatua tatu tu keshapumzika? Basi huyo kaajiriwa serikalini."

Wakacheka mpaka mmoja akadondosha helmeti. Nami nikasimama pale na kamba mkononi, mzee mwenye kofia na kanzu, nimetoka kuswali alasiri, na kijiji kizima kinapita. Kwetu huku mzee kuonekana anatembea na mbwa kwa kamba ni jambo la kuelezwa. Ngoja nilieleze.

Mimi ni mtu wa mpunga. Shamba langu liko bondeni, ng'ambo ya kijiji, kwenye tope la delta ambalo mguu ukizama unatoka bila ndara. Mpunga ukianza kuinamisha kichwa, nguruwe pori anajua kabla ya mwenye shamba. Sijui nani humpelekea habari. Ndiyo maana msimu huo tunahamia shambani, tunalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, tukiamia mpunga wetu usiliwe. Nilizaliwa msimu wa dungu, na mama yangu alikuwa akisema nilijifunza kupiga debe kabla ya kusema baba.

Msimu uliopita nilikwenda Kibiti kutazamwa macho. Siku mbili tu. Macho yenyewe waliniambia ni ya uzee, nirudi nyumbani nikaendelee kuzeeka. Mke wangu naye alikuwa amebaki nyumbani na homa. Niliporudi shambani nikakuta nguruwe wamekula, na walipochoka kula wamelala juu ya ule uliobaki, na walipoamka wamejikuna kwenye nguzo za dungu langu mpaka likainama. Hata mgeni wa harusi hafanyi vile.

Mwanangu wa kiume anakaa Mbagala. Akapiga simu. Kwanza akazungumza na mama yake, jambo lililonitia wasiwasi, kisha akaniomba mimi.

"Baba, mmezeeka. Nimewatengea chumba, kina feni. Njooni mpumzike."

Kile chumba nakijua. Nilikaa humo siku tisa mwaka mmoja kabla. Nilikuwa naamka, nakaa kwenye kiti cha plastiki, namtazama jirani anafua. Akimaliza kufua namtazama anaanika. Siku ya tisa nilimwambia yule jirani shati lake la bluu limebakia na doa kwenye kola, akakasirika, nami nikajua mahali pale patanifanya niwe mtu mbaya. Nikarudi.

"Nipe msimu mmoja," nikamwambia mwanangu.

"Mmoja. Nguruwe wakila tena, baba, sitaki maneno. Nakuja na gari, nawachukua wewe na mama."

Nikamtazama mke wangu. Akainamia mkeka aliokuwa anausuka, akasema, "Kasema kweli." Kwa hiyo hukumu ilikuwa imeshasomwa, ilikuwa inasubiri nguruwe tu wathibitishe.

Hapo ndipo nikamkumbuka rafiki yangu wa Mloka, tuliyepasua naye mbao ujanani. Huko kwao wamepakana na pori la hifadhi. Tembo anaingia kwenye mahindi kama mwenye shamba, nyani wanachuma kwa zamu. Mbwa wa huko, nikajiambia, huyo atakuwa amesoma. Nikaenda. Rafiki yangu akanionyesha vitoto vinne chini ya ghala.

"Huyu chukua," akasema. "Mama yake kafukuza nyani mpaka mtoni."

"Na baba yake?"

"Baba yake alipita."

Tukamfunga kamba ya katani shingoni, kamba ya mbuzi, tukamvuta toka kwenye ziwa la mama yake, tukamtia kwenye kiroba na kumwacha kichwa nje. Basi mpaka Kibiti, kisha bodaboda mpaka kwetu. Alilia njia nzima, akatapika mara nyingi, na mama mmoja kwenye basi aliniambia Mungu ananiona. Nikamjibu ndiyo, anaona pia nguruwe. Sikufikiri kwamba yule mnyama alikuwa anajifunza jambo mle ndani ya kiroba. Nani anafikiri kiroba kinajifunza?

Mke wangu alipomwona alikusanya mikeka yake yote akaipandisha juu. "Huyo wako," akasema, "hapiti kizingiti changu. Malaika wa nyumba hii wachache, usiwafukuze."

"Atakaa uani."

"Uani kwako. Uani kwangu hapana." Tuna ua mmoja.

Basi ningemwacha aende shambani akinifuata mwenyewe, kama mbwa wote wa dunia hii walivyofuata watu. Lakini mwezi ule ule serikali ya kijiji ikaitisha mkutano. Ilisemekana kijiji kimoja huko juu mbwa mwenye kichaa kauma watu. Bwana mifugo akaja na sindano za chanjo, akachoma mbwa waliopatikana, wangu mmojawapo, na ikapitishwa kwa kauli moja kwamba kuanzia siku hiyo mbwa anayekatiza kijijini awe kwenye kamba, mkononi mwa mwenyewe. Atakayeonekana anazurura, mgambo watammaliza.

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, na nguruwe?"

"Nguruwe wamefanya nini?"

"Nao wanazurura. Wanakatiza. Hawana kamba wala chanjo."

Mwenyekiti akafikiri. Ni mtu mwenye akili, hasemi ovyo. "Mzee wangu, nguruwe pori ni wa serikali kuu. Sisi hapa ni serikali ya kijiji."

Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, maana jibu lilikuwa zuri. Ukitaka kumgusa nguruwe wa serikali kuu, unaandika barua, barua inakwenda wilayani, wilayani wanakuambia mhusika yuko semina. Akitoka semina mpunga umeshakuwa nguruwe. Lakini mbwa wangu, mwenye umri wa miezi minne na masikio hayajajua yasimame au yalale, huyo sheria ilimfikia siku hiyo hiyo.

Njia ya shambani kwangu inapita katikati ya kijiji: kijiwe, soko, msikiti, shule, ndipo bondeni. Ningeweza kumbeba, utasema. Sawa. Umbebe mbwa, upite naye mbele ya msikiti, huku anakulamba shingo. Kwetu mate ya mbwa ni najisi, na si najisi ya kupangusa. Unaosha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, ndipo uswali. Kwa hiyo ilikuwa lazima atembee kwa miguu yake, kwa kamba, mbele ya watu wote. Asipotembea hakuna mbwa shambani. Hakuna mbwa shambani, nguruwe. Nguruwe, kiti cha plastiki.

Nikaanza kumfundisha.

Jirani yangu, mzee mwenzangu anayetafuna tambuu tangu asubuhi, alikuwa na elimu tayari. "Mbuzi akikaa unamsukuma matakoni," akasema. "Mbwa ni mbuzi mwenye meno. Msukume."

Nikamsukuma kwa mpini wa jembe, taratibu. Kitoto kikageuka, kikadhani nacheza, kikatingisha mkia, kikanilamba mkono wote mpaka kwenye kiwiko.

"Astaghfirullah!" nikapiga kelele, nikatupa jembe, nikatupa kamba, nikakimbilia kisimani. Mara moja, mara mbili, udongo, mara nne, mpaka saba. Nikarudi. Kikanilamba mguu. "Astaghfirullah!" Nikaenda tena. Siku ile ya kwanza niliosha saba mara nne. Ukijua hesabu, hesabu mwenyewe, mimi mikono ilikuwa imechubuka. Mke wangu alisimama mlangoni.

"Maji ya mtungi umemaliza. Udongo nao ukiisha tutahamia wapi?"

"Si unataka Mbagala?"

"Mbagala hakuna udongo, mume wangu. Kule kuna lami."

Ikawa hivyo wiki nzima. Namfunga, anakaa. Navuta, anakaa zaidi. Nasukuma, ananilamba. Nakimbia. Vijana wa kijiweni walihamisha benchi lao likatazama mlangoni kwangu, na abiria wakawa wanaambiwa wasubiri kidogo, mzee anakaribia kutoka.

Mmoja wao, aliyerudi karibuni toka Dar na nywele zimekatwa pembeni tu, alinihurumia. Akaniita, akanionyesha video kwenye simu. Mwanamke wa Kizungu anatembea barabarani na mbwa mnene kama ndama. Kila hatua chache anatoa kitu mfukoni anamtilia mdomoni.

"Anampa nini?"

"Biskuti, babu."

"Mbwa analipwa ili atembee?"

"Si malipo, mzee. Hiyo inaitwa motisha."

Neno hilo nalijua. Waliwahi kuja watu wa mradi wa mikoko. Walitukusanya, wakatupa soda na posho, ndipo tukatembea nao kwenda kuiona mikoko ambayo tumeiona tangu tunazaliwa. Bila soda tungekaa chini, na wangetuvuta tusingekwenda. Nikaona aibu kumlaumu mbwa. Nikaenda sokoni nikanunua samaki wakavu, wale wadogo wanaobaki chini ya tenga.

Na kwa kweli akatembea! Nikamwonyesha samaki, akainuka. Hatua moja, samaki. Hatua mbili, samaki. Akavuka kijiwe, vijana wakasimama kwenye pikipiki zao wanapiga honi, mimi nikajisikia kama diwani. Alipofika hatua ya saba au ya nane akafurahi mwenyewe, akaruka juu, miguu ya mbele kwenye kanzu yangu, akanilamba kidevu.

Unajua nilichofanya.

Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakapanda juu ya paa. Nikatupa samaki wote. Nilipogeuka nyuma nikikimbia, nilimwona amelala kifudifudi katikati ya barabara, masikio yote mawili chini, amejikojolea. Kesho yake hata samaki hakumtaka. Akiniona nashika kamba tu, anajisukuma chini ya kinu cha mke wangu.

Nilikuwa kisimani najisugua udongo, nimetoka kumvuta chini ya kinu akanilamba tena, pale mwalimu wa madrasa alipokuja kuteka maji. Ni kijana mdogo, ningeweza kumzaa mara mbili, lakini kasoma Unguja na ana adabu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwalimu. Usinikaribie, nina najisi."

"Nimesikia. Kijiji kizima tunasikia." Akaweka ndoo chini. "Mzee, niruhusu nikuulize. Ukikanyaga kinyesi cha kuku, unapiga kelele?"

"Hapana. Naosha."

"Na hii je?"

"Hii ni mbwa!"

"Ni mbwa, na sheria imesema uoshe. Haikusema upige kelele." Akatabasamu kidogo, akautazama mkono wangu uliochubuka. "Tena mkono mkavu ukimgusa mbwa mkavu, hapo hakuna la kuosha. Mate ndiyo yenye hukumu. Na kuosha kwenyewe kunahitajika kabla ya swala, si kabla ya kupumua. Maliza shughuli yako na mnyama kwa utulivu, ndipo uje uoshe."

Nilisimama pale na udongo unadondoka kwenye kiwiko. Miaka yote hii nilidhani ile kelele ni sehemu ya twahara. Baba yangu alipiga kelele, babu yangu alipiga kelele, na mbwa wote wa familia yetu walikuwa waoga. Tulikuwa tunasema ni ukoo mbaya wa mbwa.

Nikarudi nyumbani nafikiri. Na nilipozunguka nyuma ya nyumba, nikakuta jambo. Mke wangu alikuwa anatoka jikoni kwenda kwenye banda la kuku, na nyuma yake, kamba inaburuzika chini, mbwa anatembea. Hakuvutwa wala kusukumwa. Anatembea kama bwana harusi. Mke wangu anafika bandani, anageuka, anarudi, na yeye anageuka. Kila baada ya hatua kadhaa kitu kinadondoka toka kwenye mkono wa mke wangu.

"Nini hicho?"

Akashtuka. "Ukoko. Umeungua. Nilikuwa nautupa."

"Unautupa kidogo kidogo?"

"Wewe unanifundisha kutupa ukoko?" Akasimama, mkono kiunoni. "Hebu sikia, mume wangu. Ile kamba ya mbuzi inamkwaruza, tena ndiyo mliyomvutia toka kwa mama yake. Ukaileta hapa, ukamfunga nayo, ukamvuta. Akikufurahia, unalia kama umeng'atwa na nyoka. Ungekuwa wewe ungetembea?"

Kesho yake asubuhi nikakuta imetundikwa msumarini kamba mpya, pana, laini, imesukwa mistari mitatu kwa kanga kuukuu, ile ya maua mekundu niliyomnunulia alipojifungua mtoto wa mwisho. Nikamuuliza. Akasema ni ya kufungia kuni.

Basi nikaanza upya, na safari hii sikuanzia barabarani. Nilimvalisha ile kamba ya kanga nikamwacha aiburuze uani siku nzima, ale nayo, alale nayo, aitafune ncha. Siku ya pili nikaishika ncha ile, sikuvuta, nikaenda anakotaka yeye. Alitaka kwenda kwenye kinu. Tukaenda kwenye kinu. Alitaka kusimama. Tukasimama. Nikampapasa mgongo kwa mkono mkavu, na hapo ndipo nikajua kwamba mimi, mtu mzima hivi, nilikuwa sijawahi kumpapasa mbwa. Ni kama kupapasa gunia lenye joto.

Mkono wa kushoto, wa kutolea ukoko, niliuvalisha soksi kuukuu. Vijana walipoona soksi wakafa kwa kicheko.

"Babu, mkono utavaa kiatu lini?"

"Siku pikipiki yako itakapovaa bima," nikamjibu yule, na wenzake wakamgeukia yeye. Nilipata amani siku mbili.

Hatua kumi, tunarudi. Kesho yake mpaka sokoni, tunarudi. Mvua ikinyesha hatutoki, maana mbwa mkavu ndio mkataba wetu. Akinilamba, moyo unaruka, ulimi nauuma, nasema Astaghfirullah kimoyomoyo, natembea. Kisha nyumbani, kimya kimya, saba na udongo. Alikuwa ananitazama nikiosha, kichwa kimeinama upande mmoja, nadhani alidhani nami nina mchezo wangu.

Na yeye alikuwa na wake. Kila nguzo lazima ainuse. Kila mlango. Nimeishi kijijini hapa miaka sabini na ushei, na sikuwa nimewahi kusimama mbele ya nyumba ya mtu bila shida yoyote. Sasa nasimama, mbwa ananusa, na mimi sina la kunusa, naangalia. Nikaona mzee mwenzangu wa tambuu ana mlango wa nyuma anaotorokea mkewe akimtuma kuni. Nikaona uzio wa ofisi ya kijiji umeanguka pembeni, na mbuzi wa mwenyekiti wanazurura ndani yake bila kamba. Mbwa alisimama pale muda mrefu, akainua mguu kwenye ubao wa matangazo, chini kidogo ya tangazo la mbwa. Nikampa vipande viwili vya ukoko.

Mpunga ukaanza kuinama. Nikapiga simu Mbagala kwa heshima, nikasema tunahamia dungu keshokutwa. Mwanangu akasema vizuri, na keshokutwa hiyo hiyo akatokea, amevaa viatu vyeupe, gari kaliacha barabarani. Akasema amekuja kutusaidia kubeba vyungu. Mke wangu hakunitazama machoni, nikajua gari lile lilikuwa la kubeba vyungu kwenda Mbagala, si bondeni.

"Baba, na huyo ndiye mlinzi?"

Mbwa alikuwa amevaa maua yake mekundu, sikio moja limesimama, la pili bado linafikiria.

"Ndiye."

"Huyu?" Akatikisa kichwa. "Haya, lete nimshike mimi, tufike mapema."

Nikampa. Tukapita kijiwe vizuri, tukapita soko. Tulipofika mbele ya msikiti, watu wanatoka kuswali alasiri, mwanangu aliona aibu, akaongeza mwendo, akavuta. Mbwa akakaa chini.

Akavuta tena. "We mbwa, twende!" Watu wakasimama kwenye ngazi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, na mwalimu wa madrasa, ambaye alianza kutafuta kitu kwenye vidole vyake vya miguu. Mwanangu akageuka, jasho linamtoka. "Baba, huyu haendi. Kwa nini mnahangaika? Si mseme tu imeshindikana?"

Kabla sijajibu, mke wangu akatua kapu lake chini.

"Usimvute," akasema. "Ukimvuta hatakwenda. Huyu na baba yako ni hali moja."

Nami nikaichukua ile kamba toka mkononi mwa mwanangu, nikailegeza mpaka ikagusa chini, nikavaa soksi yangu mbele ya waumini wote, nikasimama. Hatukuharakisha. Mbwa alinusa ngazi, akanusa ndara za watu, akanusa kiatu cheupe cha mwanangu kwa dharau kidogo. Kisha akainuka mwenyewe, akaanza kutembea kwenda bondeni, na sisi watatu tukamfuata.

Jioni ya pili, jua linagusa mikoko, tulikuwa juu ya dungu tunakula. Nilikuwa nimemfunga nguzoni kwa kamba ndefu, maana sheria ni sheria hata kwenye tope. Akaacha kutafuna. Akakaa chini. Nikasema moyoni, basi, kakaa tena, kwaheri mpunga wangu. Lakini alikuwa anatazama mahali pamoja kwenye majani, na mgongo wake ukasimama manyoya. Kisha akabweka. Sauti yenyewe sitakudanganya, ilikuwa kama bawaba ya mlango mbovu. Lakini ilitosha kutuinua. Na tulipoinuka tukawaona: mama mtu mbele, watoto nyuma, kwa mstari, kama wanafunzi wanaokwenda kwenye gwaride, wako nje kidogo ya mpunga, hawajauingia.

Nikapiga debe. Mke wangu akapiga sufuria na mwiko, wali ungali ndani. Mwanangu akasimama kwenye ngazi ya dungu akapiga kelele "Oyaaa! Oyaaa!" kama kondakta, akateleza, akatua kwenye tope na viatu vyake vyeupe. Mbwa alikuwa amejificha nyuma ya nguzo, anabweka kwa kichwa tu, mwili hautaki kujihusisha. Wale nguruwe walitutazama wote wanne. Sijui waliona nini, lakini waligeuka wakaondoka.

Sisemi mbwa kawafukuza. Nguruwe wa serikali kuu hafukuzwi na kitu chenye maua mekundu shingoni. Ila miaka yote debe tulikuwa nalo, na kila mara tulilipiga wao wakiwa wameshashiba. Mtu wa kutuambia mapema ndiye tuliyemkosa. Walirudi mara kadhaa, na kila mara ile bawaba ilituambia, na kila mara tuliwahi.

Mwanangu alikaa siku nne, akitembea pekupeku. Siku ya kuondoka mpunga wa mbele, ule tuliotangulia kuupanda, ulikuwa umeshakatwa. Tukampakilia magunia kwenye gari, mpaka viti vya nyuma vikajaa. Hakusema habari ya chumba. Alisema tu, "Baba, kile chumba nitaweka mpunga," na mama yake akamwambia afunge safari, giza lisimkute njiani.

Sisi tukamaliza kuvuna polepole, na siku ya kuteremka dungu ikafika. Mke wangu akatangulia na vyungu. Nikamfungua mbwa nguzoni, nikashika kamba, nikamwambia twende nyumbani. Akatembea hatua tatu, akakaa chini. Akalitazama shamba lililobaki mabua matupu, akanitazama mimi.

Mke wangu akageuka toka mbali. "Huyo wetu kafanyaje?"

Huyo wetu! Nikajifanya sikusikia, asije akajishtukia.

"Anapumzika," nikamjibu. Nikalegeza kamba, nikatafuta tuta lililokauka, nikakaa karibu naye.